Ramani ya kompyuta inavyoweza kuokoa au kuteketeza mtaji wa ujenzi

MFANYABIASHARA anayejenga fremu za maduka mjini Singida, au mwekezaji mdogo anayejenga ghala la alizeti Iramba, Ikungi au Mkalama, huwa na karatasi moja inayoamua matumizi ya fedha zake kuliko karatasi nyingine yoyote. Karatasi hiyo ni ramani ya jengo.

Ndani ya ramani ndimo hutoka idadi ya madirisha, milango, taa, soketi na mabomba. Idadi hiyo hupelekwa kwa fundi aluminiamu, kwa seremala na kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Ikiwa idadi ni sahihi, mtaji unakwenda mahali pake. Ikiwa imekosewa, mwenye jengo atagundua siku ambayo vifaa vimeshalipiwa na gari limeshashusha mzigo. Kwa vifaa vinavyoagizwa Dar es Salaam, umbali upatao kilomita 700 kwa barabara, kurudisha bidhaa iliyokatwa kwa kipimo maalumu ni jambo ambalo wauzaji wengi hawalikubali.

Siku hizi ramani nyingi huchorwa kwa kompyuta, na wachoraji wenye ujuzi hutumia programu fupi fupi wanazoziandika wenyewe au kuzipata kwa wenzao ili kuweka alama za milango, madirisha na vifaa vya umeme kwa haraka. Programu hizo huitwa skripti. Wenye fedha wengi hawajui kuwa zipo. Hata hivyo, kwa namna zinavyofanya kazi, ndizo zinazoamua iwapo orodha ya manunuzi inayotoka kwenye ramani inaaminika au la.

Muhuri unaochongwa mara moja

Ili kuelewa suala hili, ni vema kuanza na kitu kinachoitwa bloku. Katika AutoCAD, programu ya kuchora iliyotolewa na kampuni ya Autodesk ya Marekani mwaka 1982 na ambayo bado inatumika sana duniani, bloku ni mchoro mdogo uliohifadhiwa kwa jina. Dirisha huchorwa mara moja, likapewa jina, kisha likawekwa popote linapohitajika.

Mfano ulio karibu na mfanyabiashara ni muhuri wa ofisi. Muhuri huchongwa mara moja, kisha hugongwa kwenye karatasi mia bila kuchongwa upya. Muhuri wa kawaida pia una nafasi ya tarehe, ambayo hubadilishwa kila siku wakati maneno mengine yanabaki yale yale. Bloku nayo ina nafasi za namna hiyo. Mchoraji anaweza kuacha nafasi za aina, upana, kimo na mali iliyotumika, kila moja ikajazwa wakati bloku inapowekwa kwenye ramani. Nafasi hizi wachoraji huziita sifa za bloku.

Hapa ndipo biashara inapoingia. Mistari ya dirisha ni kwa ajili ya macho ya fundi. Sifa zilizofungwa ndani ya bloku ni kwa ajili ya hesabu. Kompyuta haiwezi kutazama mistari minne ikajua kuwa ni dirisha la aluminiamu la milimita 1,200 kwa 1,500. Inachoweza ni kusoma kilichoandikwa ndani ya bloku, kuhesabu bloku za namna hiyo na kutoa jedwali.

Skripti inayouliza maswali

Kuweka bloku moja kwa mkono kunahitaji mchoraji ajibu maswali kadhaa ya kompyuta. Huanza kwa kuita amri, halafu hutaja jina la bloku, huonyesha mahali, hutoa ukubwa wa mlalo, ukubwa wa wima, na mwisho mzunguko. Hayo ni majibu 6 kabla hata sifa hazijajazwa. Kwa jengo la vyumba viwili si tatizo. Kwa jengo la biashara lenye alama zaidi ya mia, mchoraji huchoka, na anayechoka hukosea.

Mwaka 1986 Autodesk iliweka ndani ya AutoCAD lugha ya AutoLISP, ambayo ni mtoto wa lugha ya Lisp iliyobuniwa na John McCarthy wa Marekani mwaka 1958. Kwa lugha hiyo mchoraji anaweza kuiagiza kompyuta ijijibu yenyewe maswali yasiyobadilika na imuulize yeye yale tu yanayobadilika. Skripti ndogo ya kuweka madirisha yenye upana wa milimita 1,200 inaweza kuwa hivi:

(defun c:DIRISHA ( / p za)
  (setq za (getvar "ATTREQ"))
  (setvar "ATTREQ" 0)
  (while (setq p (getpoint "\nMahali pa dirisha: "))
    (command "_.-INSERT" "D1200" "_non" p 1 1 pause))
  (setvar "ATTREQ" za)
  (princ))

Msomaji asiyejua kompyuta asitishwe na mabano. Mstari wa kwanza unaipa skripti jina la DIRISHA, ambalo mchoraji ataliandika anapotaka kuitumia. Mstari wa pili unakumbuka mpangilio aliokuwa nao mchoraji kabla ya kazi kuanza. Wa tatu unaiambia kompyuta isiulize sifa moja moja, bali ichukue zile zilizokwisha kuandikwa ndani ya bloku. Wa nne unamuuliza mchoraji mahali pa kuweka dirisha, na utaendelea kumuuliza mpaka atakapobonyeza kitufe cha kukubali bila kuonyesha mahali. Wa tano unaita bloku iitwayo D1200, unaiweka mahali hapo kwa ukubwa wake halisi, kisha unasimama ili mchoraji aizungushe kufuata ukuta. Mstari wa sita unarudisha mpangilio wa awali.

Neno muhimu kwenye mstari wa tano ni "pause", linaloiagiza kompyuta imsubiri mtu. Bila neno hilo skripti ingejiamulia kila kitu. Kwa kulitumia, kazi inagawanywa. Kompyuta inashika jina na ukubwa, mambo ambayo mtu aliyechoka huyakosea. Mtu anashika mahali na mwelekeo, mambo ambayo kompyuta haiwezi kuyajua kwa kuwa haioni ukuta wala haijui upande wa barabara.

Skripti kubwa kidogo huweza kuuliza pia mali ya dirisha na kumpa mchoraji machaguo matatu tu, yaani aluminiamu, mbao au chuma. Akiandika neno jingine, linakataliwa. Hili linaonekana dogo, lakini mwenye duka analielewa haraka. Ramani ambayo mchoraji ameandika "aluminiamu" mahali pamoja, "alumini" mahali pengine na "alm" mahali pa tatu, kompyuta itaitolea orodha ya aina tatu za madirisha wakati ni aina moja. Muuzaji akisoma orodha hiyo atatoa bei tatu au atapiga simu kuuliza, na huko ndiko mazungumzo ya kupandisha bei yanakoanzia.

Hesabu ya fremu 12

Tuchukue mfano wa jengo la fremu 12 za maduka. Kila fremu ina madirisha 2, mlango 1, soketi 3, taa 2 na swichi 1. Jengo zima litakuwa na madirisha 24, milango 12, soketi 36, taa 24 na swichi 12. Jumla ni alama 108.

Kwa mkono, alama 108 zikihitaji majibu 6 kila moja, mchoraji atajibu mara 648. Kwa skripti, kila alama inahitaji majibu 2, yaani mahali na mzunguko. Hiyo ni mara 216, ukiacha kuita skripti yenyewe mara 5 kwa aina 5 za alama. Majibu 432 yameondolewa, na kila moja kati ya hayo lilikuwa nafasi ya kukosea.

Ni haki kusema kuwa mchoraji mjuzi anaweza kuchora fremu moja kwa uangalifu na kuinakili mara 11. Akifanya hivyo, muda unaookolewa na skripti unapungua sana. Faida ya skripti inaonekana zaidi kwenye majengo yasiyojirudia, kama vile nyumba ya kulala wageni yenye vyumba tofauti, zahanati, au kiwanda cha kukamua mafuta chenye ghala, ofisi na chumba cha mashine chini ya paa moja.

Lakini mwenye jengo asidanganyike na habari ya kasi. Mchoraji anayelipwa kwa ramani nzima hutoza bei ile ile awe amemaliza kwa siku mbili au kwa siku tano, hivyo faida ya kasi inabaki mfukoni mwake. Faida ya mwenye jengo iko kwenye orodha, na orodha hiyo hataipata mpaka aiombe.

Kutoka kwenye ramani hadi dukani

AutoCAD ina amri za kutoa sifa za bloku zote zilizomo kwenye ramani na kuziandika katika jedwali linaloweza kufunguliwa kwa programu ya kawaida ya hesabu kama Excel. Ikiwa bloku ziliwekwa kwa utaratibu, jedwali hutoka katika dakika chache. Litaonyesha madirisha mangapi ya kipimo gani na ya mali gani, milango mingapi, soketi ngapi.

Jedwali hilo si mbadala wa kazi ya mkadiriaji majenzi. Halina saruji, nondo, mchanga wala ufundi, kwa sababu vitu hivyo haviwekwi kama bloku. Kazi yake ni kuhesabu vitu vinavyonunuliwa kimoja kimoja, ambavyo ndivyo vinavyopotea kirahisi katika hesabu ya macho.

Kwa mfanyabiashara, jedwali lina matumizi matatu. Kwanza, anaweza kulipeleka katika maduka matatu na kupata bei za kitu kile kile, jambo ambalo ni gumu pale kila muuzaji anapohesabu ramani kwa namna yake. Pili, anaweza kununua kwa awamu akijua kilichobaki, kama ilivyo kwa wakulima na wafanyabiashara wengi wa Singida ambao ujenzi wao hufuata msimu wa mavuno, wakijenga alizeti inapouzwa na kusimama fedha zinapokwisha. Tatu, fundi akidai vifaa vya ziada katikati ya kazi, mwenye jengo ana karatasi ya kumuonyesha.

Mwenye duka naye ananufaika. Akipata majedwali ya wateja kadhaa mapema, anajua ni vipimo vipi vya milango na madirisha vinavyotakiwa kabla hajaagiza mzigo, badala ya kufungia mtaji kwenye bidhaa zitakazokaa stoo.

Pale hesabu inapopotoka

Uzuri huo wote unategemea sharti moja, kwamba kilichoandikwa ndani ya bloku ni sawa na kilichochorwa. Sharti hilo huvunjwa kwa njia nne ambazo kila mwenye fedha anapaswa kuzijua, kwa sababu katika njia zote nne ramani inaonekana safi kabisa.

Njia ya kwanza ni kunyoosha bloku. Mchoraji ana bloku ya dirisha la milimita 1,200 na anahitaji la 1,500. Badala ya kutengeneza bloku mpya, anaiweka ile ile kwa ukubwa wa 1.25. Kwenye karatasi dirisha linaonekana la 1,500. Kwenye jedwali linahesabiwa kuwa D1200, na fundi aluminiamu anayefuata jedwali atakata la 1,200. Skripti iliyoonyeshwa hapo juu inaziba mwanya huu kwa kuweka ukubwa wa 1 bila kuuliza.

Njia ya pili inatokea baada ya mabadiliko. Mwenye jengo anasema anataka madirisha mapana zaidi. Mchoraji anarekebisha bloku moja, na madirisha yote 24 kwenye ramani yanapanuka kwa mpigo. Hiyo ni faida kubwa ambayo muhuri wa ofisi hauna. Lakini sifa zilizokwisha jazwa hazibadiliki pamoja na mistari. Picha inasema 1,500 na maandishi yaliyofungwa ndani yanaendelea kusema 1,200 mpaka mchoraji ayabadilishe. Jedwali linasoma maandishi, halisomi picha.

Njia ya tatu ni kupasua bloku. Mchoraji anayetaka kurekebisha dirisha moja huweza kulivunja likawa mistari ya kawaida. Tangu hapo linaonekana kwenye ramani lakini halimo tena kwenye hesabu. Tuseme, kwa ajili ya hesabu tu, kila dirisha ni Sh 180,000. Madirisha 24 ni Sh 4,320,000. Yakipasuliwa matatu, jedwali litaonyesha 21, yaani Sh 3,780,000. Mwenye jengo atapanga bajeti yenye upungufu wa Sh 540,000 na hatajua hadi fundi atakaposimama mbele ya matundu matatu ya ukuta.

Njia ya nne ni kinyume cha hiyo. Wachoraji wengi huacha sampuli ya bloku pembeni mwa ramani, nje ya jengo, ili waichukue kirahisi. Jedwali likitolewa kwa ramani nzima, sampuli hiyo huhesabiwa. Madirisha yanakuwa 25 na Sh 180,000 zinatoka kununua dirisha lisilo na ukuta.

Kuna kosa jingine ambalo ni kubwa lakini hujionyesha lenyewe. Bloku iliyochorwa kwa milimita ikiingizwa kwenye ramani ya mita, dirisha la 1,200 linakuwa na upana wa mita 1,200, zaidi ya kilomita moja. Kosa la namna hiyo mchoraji huliona papo hapo. Yanayokula mtaji ni yale manne ya kwanza, kwa kuwa hayaonekani kwa macho.

Jambo la kukumbuka ni kwamba skripti haitofautishi kweli na kosa. Bloku sahihi itawekwa sahihi mara 24. Bloku iliyoandikwa vibaya itawekwa vibaya mara 24 kwa kasi ile ile. Katika uchoraji wa mkono, makosa hutofautiana, na mtu anaweza kugundua kuwa dirisha moja halifanani na jirani yake. Katika kazi ya skripti makosa yote yanafanana, hivyo hakuna linalomshtua mtu.

Skripti inayoacha nyumba wazi

Hata skripti nzuri ina udhaifu wake. Ile iliyoonyeshwa hapo juu huzima maswali ya sifa mwanzoni na kuyarudisha mwishoni. Mchoraji akiikatisha katikati kwa kubonyeza kitufe cha kughairi, mstari wa mwisho haufikiwi. Kompyuta inabaki haiulizi sifa, na bloku zote atakazoweka baadaye kwa mkono zitachukua maandishi ya awali bila yeye kutambua. Ni kama fundi aliyefungua mlango wa nyuma kupitisha mbao akaondoka bila kuufunga.

Dawa yake inajulikana. Mwandishi wa skripti huongeza sehemu fupi inayosema nini kifanyike kazi ikikatishwa, ili mpangilio urudishwe kwa hali yoyote. Skripti isiyo na sehemu hiyo ni ya mazoezi, haifai kwa kazi ya kulipwa. Mwenye jengo hahitaji kujua kuiandika, lakini anaweza kumuuliza mchoraji swali moja: "Skripti yako ikikatishwa katikati, inaacha mambo vipi?" Mchoraji anayejua kazi yake atajibu bila kusita.

Bei halali na nakala za mitaani

Tanzania ilichelewa kuingia katika soko hili. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, na ni baada ya uchumi kufunguliwa ndipo kompyuta za ofisi zilipoanza kuenea. Zilipofika, programu nyingi zilizomo hazikuwa zimenunuliwa.

Hali ya bei nayo imebadilika. Tangu mwaka 2016 Autodesk iliacha kuuza leseni mpya za kudumu za AutoCAD, na badala yake mtumiaji hulipia kwa kipindi. Kwa ofisi ndogo ya mkoani hilo ni gharama inayojirudia, ambayo lazima iingie katika bei ya ramani. Toleo la bei nafuu, AutoCAD LT, kwa miaka 30 tangu lilipotoka mwaka 1993 halikuruhusu skripti za AutoLISP. Lilianza kuziruhusu kwa toleo la 2024, lililotoka mwaka 2023. Zipo pia programu za kampuni nyingine zinazosoma michoro ile ile na kukubali skripti za lugha hiyo, kama vile BricsCAD ya Ubelgiji na ZWCAD ya China. Kwa wenye uwezo mdogo zaidi ipo FreeCAD, ambayo ni ya bure na hutumia lugha ya Python.

Programu za kompyuta zinalindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999. Mchoraji anayetumia nakala ya mitaani anajiweka katika hatari ya kisheria, na mteja wake anabeba hatari nyingine ambayo ni ya kibiashara zaidi.

Mwaka 2012 kampuni ya usalama wa kompyuta ya ESET ilitangaza kugundua kirusi kilichopewa jina la ACAD/Medre.A. Kirusi hicho kiliandikwa kwa AutoLISP, lugha hii hii ya kuwekea milango na madirisha. Kilijificha kama faili la skripti pembeni ya michoro, na mchoraji alipofungua mchoro kilijiendesha na kutuma nakala ya kazi yake kwa barua pepe kwenye anwani zilizokuwa China. Waathirika wengi walikuwa Peru, na michoro iliyovuja ilihesabiwa kwa makumi ya maelfu.

Kwa mwekezaji, ramani ya kiwanda si picha tu. Inaonyesha mpangilio wa mashine, ukubwa wa ghala na uwezo wa uzalishaji, mambo ambayo mshindani angependa kuyajua. Tangu toleo la 2014 AutoCAD huonya pale skripti inapotoka kwenye folda isiyoaminika. Lakini onyo halina maana kwa mtu aliyezoea kulifuta bila kulisoma, wala kwa ofisi ambapo kila skripti ni ya kuokota kwenye kidude cha kuhifadhia kumbukumbu cha rafiki.

Nani anawajibika

Skripti haisaini ramani. Kibali cha ujenzi hutolewa na halmashauri, na kwa mjini Singida mamlaka hiyo ni Manispaa. Wataalamu wa kubuni majengo na kukadiria gharama husajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi kwa Sheria Na. 4 ya mwaka 2010. Mwenye jengo anayelipa mchoraji wa bei nafuu asiyesimamiwa na mtaalamu aliyesajiliwa anaweza kupata ramani nzuri kwa macho na skripti nzuri kwa kasi, lakini orodha ikipotoka hatakuwa na wa kumshika.

Hii haina maana kuwa vijana wanaochora kwenye vibanda vya huduma za kompyuta hawana nafasi. Wengi wao ndio wanaojua skripti kuliko mabosi wa ofisi kubwa. Njia iliyo salama ni kijana achore, mtaalamu akague na kusaini, na makubaliano ya malipo yataje jedwali la vifaa kuwa sehemu ya kazi.

Maswali 5 kabla ya kulipa

Mfanyabiashara au mwekezaji mdogo anaweza kujilinda bila kujifunza kompyuta. Kabla ya kukamilisha malipo ya ramani, aulize haya:

1. Je, milango, madirisha na vifaa vya umeme vimewekwa kama bloku zenye sifa, au ni mistari mitupu? Kama ni mistari mitupu, jedwali halitapatikana.

2. Je, jedwali la vifaa limetolewa baada ya badiliko la mwisho la ramani? Jedwali la wiki iliyopita kwa ramani ya leo ni karatasi ya hatari.

3. Je, kuna bloku iliyonyooshwa? Kila kipimo kinapaswa kuwa na bloku yake na jina lake.

4. Je, kuna bloku iliyopasuliwa ndani ya jengo, au sampuli iliyoachwa nje ya jengo?

5. Je, faili la mchoro lenyewe litakabidhiwa pamoja na karatasi? Bila faili, kila badiliko dogo litamrudisha mteja kwa mchoraji yule yule kwa bei atakayopanga.

Baada ya maswali hayo, jambo la mwisho halihitaji umeme. Mwenye jengo achukue jedwali, achague chumba kimoja, na ahesabu kwa kidole madirisha, milango na soketi za chumba hicho kwenye karatasi, kisha asome vipimo vyake. Halafu ahesabu madirisha ya jengo zima. Kwa fremu 12 kazi hiyo haizidi robo saa. Hesabu ya kidole ikikubaliana na ya kompyuta, apeleke jedwali dukani. Zikitofautiana hata kwa dirisha moja, asitoe fedha mpaka mchoraji aeleze tofauti imetoka wapi, kwa maana skripti iliyokosea mara moja kuna uwezekano mkubwa imekosea kila mahali ilipopita.